Mbilikimo wa Hadithini: Kicheko na Uzito

Wengi wetu hudhani hadithi nzito ndiyo yenye mafunzo, na ya kuchekesha ni ya kupitisha wakati tu. Hebu tulichunguze jambo hili kupitia waandishi wawili Waingereza waliobuni nchi za ajabu: J.R.R. Tolkien na Terry Pratchett. Wote wana mbilikimo, jamii ya watu wafupi, wenye ndevu na mashoka, wanaochimba madini milimani.

Tuanze na dhahabu. Katika The Hobbit (1937) ya Tolkien, Thorin na wenzake kumi na wawili wanasafiri kuurudisha mlima wa babu zao, ulionyakuliwa na joka liitwalo Smaug. Wanafaulu, lakini tamaa ya mali inampofusha Thorin hata akosane na rafiki yake Bilbo. Anapatana naye akiwa karibu kukata roho. Msomaji anahuzunika.

Pratchett, aliyeanza mfululizo wa Discworld mwaka 1983, analigeuza jambo lilo hilo kuwa kichekesho. Nyimbo za mbilikimo wake ni dhahabu mwanzo hadi mwisho, na mkate wao ni mgumu hivi kwamba hutumika vitani! Tamaa ni ile ile, ila hapa tunaicheka.

Sasa tuangalie ndevu. Mwishoni mwa The Lord of the Rings (1954–1955), Tolkien anaeleza kwa ufupi kwamba wanawake wa mbilikimo hufanana mno na wanaume, hata wageni hawawatambui. Pratchett aliufanya ufanano huo mzaha, kisha akauliza: je, huyo mwanamke mwenyewe anaonaje? Katika Feet of Clay (1996), askari Cheery Littlebottom anachoka kujificha. Anavaa hereni na sketi, lakini ndevu hanyoi ng'o! Mbilikimo wenzake wanachukizwa. Hapo kicheko kinatukwama kooni, kwa sababu tumeshampenda Cheery.

Kwa nini nayasema haya? Nilipokuwa mono, niliitwa Mbilikimo mpaka jina langu likasahaulika. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini usiku nililia. Baadaye Thorin alinifunza kwamba mfupi aweza kubeba makosa makubwa na ushujaa mkubwa. Cheery naye alinionyesha kwamba kuna kucheka na mtu na kuna kumcheka mtu. Masomo yote mawili niliyahitaji, na la pili nililipata katika kitabu cha kuchekesha.

Basi, ukisoma hadithi ya kuchekesha, jiulize maswali haya:
1. Nani anachekwa, na kwa kosa gani?
2. Je, mhusika huyo amepewa nafasi ya kusema yaliyo moyoni mwake?
3. Kama ungekuwa yeye, ungecheka?

Na ukikutana na mono mfupi kule bwenini, muulize jina lake. Usidharau wembamba wa reli, gari moshi hupita.