Malaria isiyo kwenye faili isiandikwe kwenye dai

Dada yangu wa Morogoro,

Pole kwa mzigo huu. Unaongoza kitengo cha madai ya bima katika hospitali ya shirika la dini, na vijana walio chini yako ndio wanaoyapa maandishi ya madaktari misimbo ya ICD-10. Kila mwezi bima inakata madai. Sasa mhasibu, ambaye ndiye bosi wako, anataka malaria ya kawaida iingizwe kama malaria kali "ili tufidie makato". Unauliza ufanye nini usipoteze kazi.

Kataa. Naanza na neno hilo kwa sababu barua yako inalizunguka kurasa tatu bila kulitamka.

B50.9 ni malaria ya falsiparamu isiyofafanuliwa zaidi, B50.8 ni malaria kali. Mgonjwa mtu mzima aliyepewa vidonge vya ALu tu akarudi nyumbani kwa miguu yake hawezi kubeba B50.8, kwa sababu malaria kali hutibiwa kwa sindano za artesunate. Mkaguzi akiweka utambuzi, dawa na majibu ya maabara pamoja, uongo unajionyesha wenyewe. Lakini hata asipokuja mkaguzi, kumbukumbu za mgonjwa huyo zitamtaja kuwa aliwahi kuugua ugonjwa ambao hakuugua, na takwimu za wilaya zitaonyesha malaria kali pasipokuwa nayo. Hapo ndipo mimi ninapoumia zaidi kuliko kwenye fedha.

Na fedha zenyewe, nadhani mnazitafuta pasipo. Umetaja kwa kupita mtoto mwenye malaria ambaye hemoglobini yake ilikuwa gramu 4.2 kwa desilita na akaongezewa damu, huku daktari ameandika "malaria ya falsiparamu" tu. Mmoja wa vijana wako alimpa B50.9, na kwa maandishi yaliyokuwepo hakukosea. Lakini kwa mtoto mwenye malaria, hemoglobini chini ya 5 ni dalili ya malaria kali kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani. Hilo ni dai halali kabisa lililopotea kwa sababu kalamu ya daktari iliishia njiani. Yako mangapi ya namna hiyo kabatini?

Kwa hiyo peleka nguvu zako wodini. Tengeneza karatasi fupi ya maswali kwa daktari, na uwe mkali juu ya namna swali linavyoulizwa. "Daktari, hii si malaria kali?" ni kumwekea jibu mdomoni. Andika hivi: "Umeandika malaria ya falsiparamu. Hemoglobini 4.2, ameongezewa damu. Tafadhali fafanua utambuzi." Daktari akiongeza maneno, aweke tarehe ya siku anayoyaongeza na saini yake. Faili la zamani lisifutwe wala kuandikwa upya na mtu yeyote, hata kwa nia njema.

Kila mwezi chomoa mafaili kadhaa bila kuchagua, mtu mwingine ayape misimbo upya pasipo kuona ya kwanza, kisha mkae mjadili tofauti. Hesabuni makosa ya pande zote mbili, ya kudai zaidi na ya kudai pungufu. Kitengo kinachosaka pungufu peke yake kimeshaanza kuegemea upande mmoja.

Tatizo kubwa kuliko yote ni kwamba unawajibika kwa mhasibu. Marekani, mwaka 1998, ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ilizishauri hospitali kuwa msimamizi wa uzingatiaji wa taratibu asiwe chini ya mkuu wa fedha, na awe na njia ya moja kwa moja kwa mtendaji mkuu na bodi. Sababu yake unaiishi. Mwombe mganga mfawidhi kwa maandishi kwamba masuala ya misimbo yafike kwake, na nakala iende kwa katibu wa bodi.

Katika barua hiyo hiyo orodhesha madai ya mwezi uliopita ambayo unasema yalishatoka na saini yako yakiwa yamekuzwa. Omba yarekebishwe na fedha zirudishwe kabla hazijadaiwa. Najua hii ndiyo sehemu inayokunyima usingizi. Ukinyamaza, saini itabaki yako peke yako, mhasibu hayumo. Wakikuzibia mlango, ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Tafuta wakili akusomee inavyokuhusu kabla hujachukua hatua. Nakala za maagizo uliyopewa zihifadhi, ila majina ya wagonjwa yasitoke nje ya hospitali.

Halafu wale vijana wawili uliosema wanaingia kwenye mfumo kwa nywila yako: ibadilishe leo, na kila mmoja afunguliwe yake.