Miji ya Bonde la Ruhr

Tazama katika ramani ya Ulaya, upande wa magharibi wa nchi ya Ujerumani, mahali mto Ruhr unapoingia katika mto mkubwa wa Rhein. Hapo utaona majina ya miji yamesongamana hata yakose nafasi: Duisburg, Oberhausen, Essen, Gelsenkirchen, Bochum, Dortmund, na mingine mingi. Toka Duisburg hata Dortmund ni mwendo wa kilometa 50 hivi, na wakaaji wa nchi hiyo yote wapata milioni 5. Lakini hakuna mji mmoja ulio mkuu wa yote. Kila mji una meya wake, soko lake na mpaka wake.

Sababu yake imo chini ya ardhi. Makaa ya mawe hayakukusanyika mahali pamoja, bali yalitandaa chini ya nchi nzima. Katika karne ya 19 machimbo yalifunguliwa huku na huku. Kila palipochimbwa shimo palijengwa nyumba za wachimbaji, kisha tanuri za chuma, kisha reli. Vijiji vikawa miji, na miji ikakua hata ikakaribia kugusana.

Wenyeji walipata faida, maana kazi na soko vilikuwa karibu na nyumba zao. Lakini miji ilioneana wivu. Hata njia za tramu kila mji ulijenga kwa kipimo chake: reli za Bochum zina upana wa mita 1, na za Dortmund, jirani yake, ni pana zaidi. Kwa hiyo gari la mji mmoja haliwezi kupita katika reli za mwenzake.

Hiyo ni hasara ya fedha tu. Hasara ya maji ilikuwa kubwa zaidi. Katikati ya nchi hiyo hupita mto mdogo uitwao Emscher, na kila mji, kila chimbo na kila kiwanda kilimwaga uchafu wake humo. Aliyekaa juu alijiona safi. Aliyekaa chini alipokea uchafu wa wote. Tena makaa yalipotolewa ardhi ilididimia, maji yakatuama na kunuka, na magonjwa yakaenea. Mifereji ya chini kwa chini haikufaa, kwa kuwa ardhi iliyokuwa ikididimia ingeivunja. Wala mji mmoja haukuweza kuuponya mto peke yake, maana mto haujui mipaka ya mameya.

Basi mwaka 1899 miji, machimbo na viwanda viliunda chama kimoja, na kila mshiriki akatozwa fedha. Chama kiliunyosha mto na kuujengea kingo za saruji, ukawa mfereji wa wazi wa maji machafu. Dawa hiyo ilikuwa chungu: watu walipona, lakini mto ulikufa. Mwaka 1920 kiliundwa chama kingine cha kupanga ujenzi na kulinda misitu na mashamba yaliyobaki kati ya mji na mji. Kwa ajili hiyo nafasi za majani mabichi zingaliko hata leo.

Tangu mwaka 1958 makaa ya Ruhr yalikosa wanunuzi, kwa sababu makaa ya ng'ambo na mafuta yalikuwa rahisi zaidi. Hapo ikaonekana kwamba miji hiyo, ingawa ni mingi, ilikuwa ikila katika chungu kimoja. Mchimbaji aliyefukuzwa kazi Essen hakupata kimbilio Gelsenkirchen, maana huko nako machimbo yalikuwa yakifungwa. Ikawapasa kutafuta kazi za namna nyingine. Nchi hiyo ya viwanda haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, mpaka kile cha Bochum kilipoanza kufundisha mwaka 1965, vingine vikafuata. Chimbo la mwisho, katika mji wa Bottrop, lilifungwa mwaka 2018.

Machimbo yalipofungwa ardhi ilitulia, na mifereji ya chini ikawezekana. Kazi ya kuufufua mto Emscher ilianza mwaka 1992, na mwisho wa mwaka 2021 maji machafu yalikoma kuingia humo. Gharama yake ilizidi euro bilioni 5. Lakini ardhi iliyodidimia haikuinuka tena. Mpaka leo pampu zinavuta maji mchana na usiku. Zikisimama, mitaa mingi ya miji hiyo itageuka kuwa maziwa.