Somo la Afya: Si Kila Homa ni Mafua

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kipupwe katika nyanda za juu za Kenya. Asubuhi ukungu hutanda juu ya mibuni ya Ruiru na mashamba ya mananasi ya Thika, na watu wangojao matatu kando ya barabara kuu hujikunyata ndani ya makoti yao. Mwezi wa Agosti shule hufungwa, na jamaa nyingi hufunga safari: wengine huenda Mombasa, wengine Kisumu, na wengine kwa wazee wao Murang'a na Nyeri. Mara nyingi msafiri huondoka nyumbani akiwa mzima, kisha baada ya siku mbili tatu akaanza kupiga chafya. Basi yafaa tujue la kufanya.

Watu wengi hudhani kwamba mafua huletwa na baridi. Sivyo. Mafua huletwa na virusi, navyo ni vya aina zaidi ya 200. Mjini Salisbury, Uingereza, tangu mwaka 1946 palikuwa na kituo cha kuchunguza mafua, na watu waliojitolea walikwenda kukaa huko kwa muda wa siku 10 hivi, wengine wakiihesabu kuwa likizo yao. Baadhi yao walilowanishwa na kuachwa katika baridi, lakini hawakuugua zaidi ya wenzao. Kipupwe kinatudhuru zaidi kwa sababu hutufanya tukae pamoja na kufunga madirisha, na katika gari lililojaa mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza wengi.

Mwenye mafua akiwa safarini na afuate haya:

Kwanza, afungue dirisha la gari, ijapokuwa kidogo.

Pili, akohoe na kupiga chafya katika kitambaa au katika kiwiko cha mkono, wala si kiganjani. Akifika, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kusalimiana na wenyeji wake. Tena asimpakate mtoto mchanga, wala asikae karibu mno na mzee aliye dhaifu, maana ugonjwa ulio mdogo kwake huenda ukawa mkubwa kwao.

Tatu, anywe maji, chai au supu kwa wingi, na apumzike. Asali hutuliza kikohozi, lakini asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Watoto wasipewe aspirini.

Nne, asinunue dawa za antibiotiki. Dawa hizo huua bakteria, virusi haziviui. Mafua hupona yenyewe, kwa kawaida katika siku 7 hadi 10. Hapa dawa ni subira.

Tano, gari literemkapo Bonde la Ufa masikio huziba, na mwenye mafua huumia zaidi. Ameze mate mara kwa mara, au atafune kitu.

Sasa tufikie jambo kubwa la somo hili. Huku Thika na Ruiru mtu mwenye mafua husema, "Nina homa." Lakini neno hilo moja hutumika pia kwa joto la mwili, kwa homa ya mapafu na kwa homa ya malaria. Hapo ndipo ilipo hatari: mtu husema ni homa tu, akangoja, na kumbe anaugua maradhi mengine kabisa.

Homa ya mapafu huwashika hasa watoto wadogo na wazee. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2 ni ishara ya hatari. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11. Na pumzi 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5. Vivyo hivyo ikiwa sehemu ya chini ya kifua chake hubonyea ndani avutapo pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au ameshikwa na degedege. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa likizo haijaisha.

Malaria nayo ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria kuliko huku juu. Aendaye huko na alale ndani ya chandarua. Mara nyingi ugonjwa huu hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya mtu kuumwa na mbu, pengine msafiri akiwa amekwisha kurudi kazini. Kwa hiyo, ukipata joto la mwili, kutetemeka na kuumwa kichwa baada ya safari ya Mombasa au Kisumu, usidhani ni baridi ya Thika iliyokupokea. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na mwambie mganga ulikotoka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Kwa nini mafua huenea sana wakati wa kipupwe?
2. Mtoto wa miaka 2 anapumua mara 44 kwa dakika akiwa ametulia. Utafanya nini?
3. Jirani amerudi kutoka Kisumu wiki mbili zilizopita, naye asema ana homa. Utamshauri nini?