Dawa za Miti kwa Mwanamke Mja Mzito

Swali limetufikia zaidi ya mara moja katika darsa zetu: Je, yafaa mwanamke mja mzito kunywa dawa za miti ili aongeze nguvu na damu, au ili ajifungue upesi? Wako wasemao kuwa dawa hizi ni za mababu, tena nyingine zimesifiwa na Mtume (S.A.W.), basi haziwezi kudhuru. Yatupasa tuyapime maneno haya.

Hapana shaka kwamba Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na katika Hadithi Sahihi ameisifu habbasoda kuwa ni ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Lakini wanavyuoni kama Al-Khattabi na Ibn Al-Qayyim wameeleza kwamba maneno hayo, ingawa ni ya jumla, yakusudia maradhi yanayokubali dawa ya namna hiyo. Wala mimba si maradhi. Chembe chache za habbasoda juu ya mkate ni chakula. Ama mafuta yake kunywewa vijiko kwa vijiko kila siku, hiyo ni dawa, na dawa ina kipimo.

Tena miti si mamoja. Tangawizi kidogo imechunguzwa na wataalamu, ikaonekana kupunguza kichefuchefu cha mimba bila ya madhara. Uwatu ni chakula chema cha mzazi anyonyeshaye, lakini ukinywewa kwa wingi kabla ya kuzaa wahofiwa kukiamsha kizazi. Shubiri huharisha kwa nguvu, na wataalamu humkataza mja mzito kuinywa.

Lililo baya zaidi ni dawa isiyojulikana mna nini ndani yake. Mwaka 2012 ilitangazwa habari ya wanawake sita waja wazito katika mji wa New York, waliokutwa na madini ya risasi katika damu zao kwa kutumia dawa za asili zilizotoka Bara Hindi. Risasi hutoka kwa mama ikamfikia mtoto tumboni, ikamdhuru ubongo. Wala tusidhani kuwa hatari ni ya miti peke yake. Thalidomide ilitoka kiwandani, ikauzwa Ujerumani Magharibi tangu 1957 hata 1961, na waja wazito wakaimeza kwa kichefuchefu. Wakazaliwa maelfu ya watoto wenye mikono na miguu isiyotimia. Basi hoja si mti wala kiwanda. Hoja ni ujuzi.

Na Sharia imetangulia kumlinda mtoto huyu. Saumu ya Ramadhani ni nguzo ya Dini, na mja mzito akimhofia mwanawe ameruhusiwa kula, kisha alipe. Ikiwa nguzo yaahirishwa kwa ajili ya mtoto, seuze kikombe cha dawa kisicho faradhi wala sunna! Tena Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba ajitiaye utabibu naye hajulikani kwa utabibu, dhamana ni juu yake. Na katika madhehebu yetu ya Kishafii, mimba ikiharibiwa, hata kwa dawa, hulazimu ghurra, yaani diya ya mtoto, ambayo thamani yake ni ngamia watano. Basi na ajihadhari ampaye mwenziwe kikombe asichokijua.

Enyi dada zetu, msinywe dawa yoyote ya kuhimiza uchungu nyumbani. Uchungu ukihimizwa bila ya kipimo, kizazi huweza kupasuka, akafa mama na mwana. Mwenye upungufu wa damu aende kliniki akapimwe. Shirika la Afya Duniani lashauri mja mzito apewe chuma cha miligramu 30 hata 60 kila siku, pamoja na asidi ya foliki. Na aliyekwisha kunywa dawa ya miti asimfiche daktari wala mkunga, kwani atibuye asiyejua kilichonywewa hutibu gizani.

Na nyinyi mama zetu mnaowalea wazazi, kusema "sijui" si aibu. Ni nusu ya elimu. Nanyi waume, msiwaachie wake zenu jambo hili peke yao, kwani amana ya tumbo hilo ni yenu pia.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na vizazi vyetu. Amin. Wallahu aalam.