Umbali, Mwendo na Saa: Utata wa Kimaana katika Safari ya Wajir na Mandera

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Mtopanga, Kisauni, akiulizwa safari ya ndege kutoka Wajir hadi Mandera ikoje, huenda akajibu: "Ni saa moja." Jibu hilo halina kosa la kisarufi, lakini lina utata. Je, safari huchukua saa moja, au ndege huondoka saa moja? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kuuondoa utata huo, na kwamba kuzipuuza kunaweza kumkosesha msafiri ndege.

2.0 Umbali na Mwendo

Nomino "umbali" imetokana na "mbali", nayo hutaja nafasi iliyopo kati ya sehemu mbili. "Masafa", neno lenye asili ya Kiarabu, hukaribiana nayo, ingawa hutumika pia kuhusu mawimbi ya redio. "Mwendo", lililotokana na kitenzi "enda", hutaja tendo la kusafiri. Ndiyo maana huandamana na wakati: mwendo wa siku mbili, mwendo wa saa tatu.

Tofauti hii hudhihirika Mtopanga kwenyewe. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi uko ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor. Kwa kawaida, abiria huvuka Daraja la Nyali, akaingia kisiwani, kisha akatokea Makupa kuelekea Changamwe. Msongamano wa magari huurefusha mwendo wake, ilhali umbali haubadiliki.

Hali ni hiyo hiyo angani. Kwa mstari ulionyooka, Wajir na Mandera zimeachana kwa takriban kilomita 310. Ndege inayokwenda kilomita 400 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa dakika 47 hivi. Hata hivyo, kasi huwa ndogo wakati wa kupaa na kutua, na upepo wa mbele huipunguza zaidi. Kwa hiyo, muda halisi hukaribia saa moja. Umbali ni kipimo. Muda ni makadirio.

3.0 Saa: Kipimo au Wakati?

Aidha, neno "saa" hubeba maana mbili: kipindi cha dakika 60 na wakati maalumu wa siku. Tatizo huzidi msafiri anaposhika tiketi, ambayo saa zake huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Mswahili huhesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Hivyo, 07:00 ni saa moja asubuhi. Anayeisoma kuwa saa saba mchana atafika uwanjani saa sita baada ya ndege kuondoka.

Kanuni mbili zinatosha. Kwanza, panapokusudiwa kipimo, "saa" itanguliwe na "muda wa" au "mwendo wa". Pili, panapokusudiwa wakati, ifuatwe na kipindi cha siku. Kwa mfano: "Ndege itaondoka saa moja asubuhi, na safari itachukua muda wa saa moja."

4.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba utata uliojadiliwa hautokani na uhaba wa msamiati, bali na uteuzi wake. Mwalimu wa Kiswahili na mfasiri wa matangazo ya safari wana wajibu wa kuzingatia uteuzi huo, kwa kuwa msikilizaji aliye uwanjani hana nafasi ya kuuliza mara ya pili.