SOMO LA MAKATIBU: KUCHAGUA CHOMBO CHA KAZI NJE YA OFISI



Ushirika wa pamba katika Usukuma ulianza kwa ugomvi wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa kilo na wanunuzi, wakadai pamba yao ipimwe na watu wao wenyewe. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani na wenzake, lilizaliwa Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika la Victoria mwaka 1955.

Tunakumbusha jambo hili kwa sababu leo kilo za mkulima haziishii kwenye mizani. Karani akiisha kuzisoma, aghalabu huziingiza katika simu au kishikwambi, na malipo hufuata kwa benki au kwa simu. Chombo hicho kikizimika, au kikionyesha 46 mahali pa 64, mkulima ameumia kama alivyoumia babu yake. Kwa hiyo kuchagua simu ya chama ni kuchagua mizani, wala si jambo la fahari.

1. Tuanze na kazi, si dukani

Kabla ya kwenda dukani Bariadi mjini, Bodi ya chama na iandike kazi zote zinazofanyika nje ya ofisi: kuandikisha wakulima, kupokea pamba kituoni, kutoa stakabadhi, kuita lori, kupeleka taarifa Chama Kikuu, na kujaza kumbukumbu katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Kisha kila kazi ipewe chombo kinachoifaa:

(a) Simu ya vitufe (kitochi). Hupiga na kupokea, hutuma ujumbe, na hufanya huduma za fedha. Hukaa na chaji siku kadhaa. Yafaa kila kituo kiwe nayo moja ya akiba.

(b) Simu janja. Hupiga picha ya stakabadhi na hutumia programu za kuandikisha. Lakini kioo chake ni kidogo kwa orodha ndefu ya majina.

(c) Kishikwambi. Kioo chake kipana hupunguza makosa ya kuandika. Kinafaa mezani kituoni kuliko mkononi juu ya pikipiki.

(d) Kompyuta mpakato. Ni ya hesabu na taarifa. Mahali pake ni ofisini au mkutanoni, si kwenye vumbi la pamba.

2. Mambo matano ya kupima

Umeme. Siku ya ununuzi huanza alfajiri na huweza kupita magharibi. Chagua betri isiyopungua 5,000 (mAh), na ununue pawabenki. Lakini tahadhari: pawabenki iliyoandikwa 10,000 haijazi simu hiyo mara mbili, maana sehemu ya umeme hupotea njiani. Hujaza mara moja na kidogo tu. Kituo kisicho na umeme kifikiriwe paneli ndogo ya jua.

Mtandao. Usijaribu simu mjini ukadhani umemaliza. Ipeleke kituoni kwenyewe, iwe Dutwa, Nkololo au kwingineko, uijaribu na laini za kampuni mbalimbali. Chukua simu ya laini mbili. La muhimu zaidi, hakikisha programu inahifadhi maandishi hata mtandao ukikatika, kisha inayatuma mtandao ukirudi.

Jua na vumbi. Msimu wa pamba ni wa kiangazi. Toka na simu nje ya duka saa sita mchana. Usipoweza kusoma tarakimu juani, iache. Tazama pia alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu. Ya pili ni ya maji. Simu ya IP67 haiingii vumbi, na huvumilia maji ya kina cha meta moja kwa nusu saa.

Uhalali. Bonyeza *#06#, upate namba ya tarakimu 15, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litaonyesha kama aina ya simu inalingana na uliyoishika. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchini. Aliyenunua kwa bei ya kutupa alibaki na kopo.

Umri. Uliza kama mtengenezaji bado anatoa maboresho ya usalama kwa simu hiyo. Simu iliyotumika ni rahisi leo, lakini yaweza kukataa programu msimu ujao.

3. Mali ya chama, si ya Katibu

Hapa ndipo vyama vingi hujikwaa. Simu iandikwe katika daftari la mali pamoja na namba yake ya tarakimu 15. Laini isajiliwe kwa jina la chama, ili Katibu akiondoka asiondoke na namba wanayoijua wanachama wote. Namba ya siri isibandikwe nyuma ya simu, wala fedha za chama zisipitishwe katika laini ya mtu binafsi.

Kumbuka pia kwamba ndani ya simu hiyo mna majina, namba za simu na akaunti za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatutaka tuzilinde. Simu ya chama si ya watoto kuchezea.

4. Karatasi isitupwe

Chombo hata kiwe bora namna gani, mkulima aondoke na stakabadhi mkononi, na kilo zisomwe kwa sauti mbele yake kabla hazijaingizwa. Jioni, jumla ya simu ilinganishwe na jumla ya daftari, na karani pamoja na mjumbe mmoja watie sahihi. Zikitofautiana, sababu itafutwe siku hiyo hiyo, kabla pamba haijapakiwa. Lori likishaondoka, kilo hazina shahidi.

Maswali ya kujadili katika chama

1. Chama chetu kina vituo vingapi, na ni kipi kisicho na umeme au mtandao?
2. Laini tunayoitumia imesajiliwa kwa jina la nani?
3. Simu ikizimika katikati ya foleni, karani wetu atafanya nini?
4. Gharama ya simu, pawabenki, kava na vifurushi vya msimu mzima ni kiasi gani, na je, imo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu?

Yafaa majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, na chombo kinunuliwe mapema. Siku ya kufungua msimu si siku ya kujifunza kuwasha simu.