Linux ya ARM kwenye laptopu ya Intel

SWALI: Nina laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel. Nataka kujifunza Linux ya ARM kabla ya kununua Raspberry Pi, lakini VirtualBox imekataa kabisa. Nifanyeje?
Msomaji, Woodley, Nairobi

JIBU: VirtualBox haina kosa. Huiachia prosesa yako itekeleze amri za mfumo mgeni moja kwa moja, na Intel haielewi amri za ARM hata moja. Unahitaji mkalimani: QEMU, programu ya bure aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Huchukua fungu la amri za ARM, hulifasiri liwe la Intel, kisha huihifadhi tafsiri hiyo ili fungu likirudi isianze upya. Hata hivyo, uzito utauona, hasa wakati wa kuwaka. Usihangaike na KVM, kiharakishi cha Linux; huharakisha tu mifumo ya prosesa za aina moja na yako.

Chagua mashine iitwayo virt, kisha uweke Debian ya arm64 bila madirisha. RAM ya gigabaiti 1 yatosha. Ukitaka kujaribu programu moja tu, tumia qemu-aarch64 ndani ya Linux, kama laptopu yako inayo. Ni nyepesi zaidi, nami ningeanzia hapo. Pini za kuunganisha taa na vihisi hutazipata humo. Kwa hizo, nunua bodi yenyewe.